Shati la Bosko Lililobaki Sandukuni

Mimi sikuingia kwenye filamu kwa kipaji. Niliingia nikifuata gauni langu.

Nilikuwa nauza mitumba sokoni Ujiji, nimekaa chini, nguo nimezitandaza kwenye turubai. Wakaja vijana wawili kuazima gauni jeupe la harusi, eti wanashuti filamu Kigoma mjini, jioni wanalirudisha. Nikawaambia gauni hilo haliendi mahali bila mimi. Wakacheka. "Mama, basi twende wote." Nikamwomba jirani aniangalizie biashara, nikaenda.

Bibi harusi wao alikuwa mwembamba kama ufagio. Gauni lilimning'inia. Nikachomoa vibanio vya kuanikia nguo kwenye kamba ya watu, nikalibana mgongoni kutoka shingoni hadi kiunoni, nikamwambia asigeuke. Mbele alionekana malkia, nyuma alionekana kamba ya kuanikia. Walipomaliza, mwongozaji wao, Juma, ambaye sote tulimwita Dairekta mpaka mkewe naye akamwita hivyo, akaniuliza kesho nitafika saa ngapi. Ndiyo ajira yangu hiyo. Barua yake sijaiona hadi leo ninapostaafu.

Nawaandikia ninyi mabinti mnaolichukua sanduku langu la mavazi. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta neno limekaa vibaya, linyoosheni wenyewe kama mnavyonyoosha kola. Mjukuu wangu Zawadi, ambaye ni mwalimu wa sekondari na nalisema hilo kila ninapopata nafasi, alitaka kunisahihishia. Nikamkatalia. Angeniandika kama hotuba.

Miaka ya mwanzo nilikuwa na sanduku la bati, pasi ya mkaa, sindano, pini na kopo la majivu ya kuzeeshea nywele. Nilidhani kazi ni kumvalisha mtu nguo nzuri. Aliyenifumbua macho ni Mzee Feruzi, fundi cherehani wa Ujiji ambaye wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Ujanani aliwashonea wanamuziki wa dansi, na hata uzeeni hakuwahi kutoka nje bila kunyoosha suruali. Nilimpelekea nguo za kupunguza. Akafungua sanduku, akazitazama moja moja, akasema, "Bibiye, hizi zote zimetoka sokoni. Hakuna hata moja iliyotoka kwa mtu."

Akanifundisha. Suruali ya mkulima isugue magotini kwa tofali. Koti la mlevi litie mawe mifukoni, liloweke, lianike nayo, likikauka mifuko imeshaanguka yenyewe. Shati la mjane lilalie wewe mwenyewe siku mbili tatu, pasi haitakiwi hapo. Na jambo la pili alilisema akiwa na pini mdomoni, nikalisikia vizuri hivyo hivyo: "Mwigizaji akija, nguo zake alizokuja nazo zitunze kuliko zako. Akiondoka, aondoke nazo. Usimwache mtu arudi nyumbani kwao akiwa amevaa mtu mwingine."

Nilidhani anaongea habari ya wizi.

Kazi ilikuwa na vituko vyake. Damu yetu ya kwanza ilikuwa mawese, maana hapa kwetu mawese hayakosekani. Tulimlaza jambazi aliyepigwa risasi pale mwaloni Katonga, mitumbwi inapotia nanga, asubuhi ya baridi, na mnajua mawese kwenye baridi. Yaliganda. Damu ikakaa kifuani kwa jambazi kama siagi kwenye mkate. Tukasubiri jua. Jua likaja na nzi na sisimizi, maiti akaanza kujikuna, Dairekta akamwambia, "Kaka, wewe umekufa," naye akajibu, "Nimekufa lakini wananiuma." Tangu hapo tukahamia kwenye maua mekundu ya choya, unayachemsha na sukari na unga kidogo mpaka yawe mazito. Mawese msiyaguse. Hayatoki kwenye nguo, na shati lile jeupe la jambazi nililigeuza la fundi gereji mpaka lilipochanika.

Shida kubwa haikuwa damu. Ilikuwa watu. Mgonjwa wa kufa amelala kitandani na kope za bandia. Mwanamke wa kijijini anayeteka maji na kucha nyekundu ndefu hizo. Nilikuwa nazifuta, wanazipaka tena nikigeuka. Na wanaume wote walitaka kuwa bosi mwenye gari. Hakuna aliyetaka kuigiza maskini, na sote tulikuwa maskini, kwa hiyo ingekuwa kazi rahisi.

Bosko naye alianza hivyo hivyo. Alikuja kutoka Kidahwe, kijana wa Kiha mrefu, mpole, amevaa shati la samawati la mikono mirefu, limefungwa mpaka kifungo cha juu. Nilimuuliza nani kamnunulia shati zuri hivyo, akasema mama yake, kwa ajili ya kwaya. Siku ile nilimvalisha suti nyeusi na miwani. Akajitazama kwenye kioo changu kilichopasuka pembeni, akatulia. Hakutaka kuivua. Dairekta akamwonea huruma, akamwambia arudi nayo, ailete kesho. Ikapita kesho na keshokutwa. Mwishowe suti ikawa yake, na shati la samawati likabaki kwangu sandukuni.

Nilimwambia mara nyingi, "Bosko, shati lako."

"Litunze, Mama Sanduku. Staa havai shati la kwaya."

Nikalifua, nikalipiga pasi, nikalirudisha. Kila tulipofanya usafi wa sanduku nililifua tena. Vifungo vikilegea nilivishona. Wenzangu walinicheka, "Unamfulia mume wako mdogo." Nikawaambia ningekuwa na mume mdogo ningemfanya afue mwenyewe.

Lakini kijana kazi aliijua, lazima niseme. Akilia, hata mpishi alisahau sufuria. Kilichomharibu ni simu. Alipoanza kujirekodi na kujirusha mtandaoni, akawa hali chakula mpaka ahesabu nani kamtazama. Alitembea mitaa ya Mwanga na suti mchana kweupe, jasho linamchuruzika, anangoja mtu amwite jina. Wasipomwita, alirudi na kupita tena.

Ndipo Dairekta akaandika filamu ile. Habari yenyewe: kijana anayeutamani ustaa anajifanya amekufa, analala kwenye jeneza ili asikie watu wanavyomsifu. Ilikuwa ya kucheka na ya kutisha pamoja. Bosko akapewa nafasi hiyo, akaikubali kwa sharti moja. Mhusika aitwe Bosko. Na msalaba utakaotangulia mbele uandikwe jina lake kamili, pamoja na la baba yake, herufi kubwa. "Watu wanijue," akasema. Dairekta naye anapenda amani, akakubali.

Asubuhi ya kushuti nilimpaka Bosko unga wa muhogo uliochanganywa na majivu, midomo nikaififisha. Akajipiga picha. Jeneza tuliazima kwa seremala, kifuniko kikatobolewa pembeni apate hewa. Mpango ulikuwa mwepesi: waigizaji wetu walibebe kutoka barabarani hadi mwaloni Kibirizi, waliweke karibu na maji, walie, basi. Mwenyekiti wa mtaa alishaambiwa, naye akawaambia aliokaa nao. Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa upande wa mbali hakuna aliyewafikia.

Wao walichokiona ni msalaba, jeneza, na watu wachache waliovaa nguo za msiba. Wachache mno. Sasa wewe ni mtu wa huku, unaona kijana wa watu anazikwa na watu wachache namna ile, utaendelea kugeuza dagaa? Waliacha dagaa juani. Wakajifunga vitenge kiunoni, wakaja. Hawakuuliza jina, msibani huulizi jina, utalijua ukifika. Mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani, wengine wakaupokea, Waislamu wakatembea nao pembeni kimya. Nimeishi na watu wa ziwa hili maisha yangu yote, na siku ile ndiyo nilipoona vizuri nimezaliwa wapi.

Kisha wakaja wabeba mizigo. Mnajua desturi, jeneza wanaume hupokezana, huwezi kumwacha mwenzako abebe mwanzo hadi mwisho. Wakawapokea waigizaji wetu. Waigizaji wetu wembamba walishukuru. Lakini wale ni watu wanaobeba magunia ya dagaa kutwa, kwao Bosko alikuwa kama mto wa kulalia. Wakatembea. Wakapita pale tulipotaka watue. Mmoja akauliza bila kugeuka, "Makaburi ni mbele?" na mwigizaji wetu mmoja, asiye na akili, akajibu, "Mbele." Nadhani alidhani ni maneno ya kwenye filamu.

Dairekta alikuwa anakimbia na kamera huku machozi yanamtoka. "Mama Sanduku, hii sitaipata tena maisha yangu," akasema.

"Mtu yumo ndani na jua hili," nikamwambia. "Ukichelewa utapata nyama choma."

Sikungoja jibu. Nikapita mbele, nikasimama katikati ya njia nimeshika kitana na kopo la majivu, nikasema, "Kaka zangu, tueni. Huyu ni mzima."

Mkubwa wao akanitazama kwa upole mwingi. "Pole, mama," akasema. "Tunajua inauma." Wakataka kunizunguka. Ikabidi nigonge kifuniko kwa kopo langu. "Bosko, amka." Nikagonga tena. "Bosko, nakuvua suti mbele za watu." Kifuniko kikanyanyuka.

Wabebaji waliliachia. Bosko akaketi kwenye jeneza mchangani, mweupe, anatabasamu. Wanawake wengine walikimbia. Aliyeanzisha wimbo hakukimbia, alimfuata akamchapa kwa ndara mpaka nikamshika mkono. "Nimeacha dagaa zangu kwa ajili yako," alikuwa anasema. "Nimeacha dagaa zangu." Nasi tukaenda kumsaidia kuzigeuza, kundi zima, Dairekta naye. Nikadhani limeisha.

Halikuisha. Kuna mtu alirekodi kwa simu: msalaba wenye jina, jeneza, watu wanalia kweli. Akairusha kabla mtu hajafufuka. Tukiwa bado tunageuza dagaa, simu zikaanza kulia. Bosko kafariki. Waliompuuza juzi Mwanga wakaandika alikuwa ndugu yao. Bosko akaketi juu ya jeneza lake, anasoma, macho yanamng'aa kama mtu mwenye homa.

"Mama Sanduku, wananipenda," akasema. "Tuwaache mpaka Jumapili. Filamu itapaa."

"Na kwenu?"

"Nitawaambia Jumapili."

Akazima simu. Eti maiti hapokei simu.

Dairekta, namshukuru hadi leo, alishtuka. Akampigia jirani wa akina Bosko kule Kidahwe. Turubai la msiba lilikuwa limeshafungwa. Mama yake, mjane mwenye presha, alikuwa ameangukia mkekani na hajaongea tangu habari ilipofika. Dairekta akamweleza yule jirani, Bosko ni mzima, ni filamu, msilie. Jirani akasikiliza yote, akasema taratibu, "Tumeelewa, mwanangu. Asante kwa kutuficha vizuri." Akakata.

Mnaona tulipofikia. Hapa kwetu mtu akifa nyumbani hawakwambii amekufa. Wanakwambia anaumwa kidogo, njoo. Wanakwambia hajambo, usiwe na wasiwasi. Kila tulipopiga kusema ni mzima, kule Kidahwe kilio kilipanda. Simu haikuweza kumfufua yule kijana. Ilibidi apelekwe mwenyewe.

Nikarudi kwa Bosko. "Mama yako yuko chini, haongei."

"Atafurahi akiniona Jumapili."

"Ukimkuta."

Akanyanyua uso. Nadhani ndiyo mara ya kwanza siku ile alinitazama mimi na si kile kilicho nyuma yangu. Nikafungua sanduku, nikatoa shati la samawati, nikaliweka magotini pake, limekunjwa. Akaligusa kola. Akaligeuza, akaona vifungo vyote vipo.

"Ulikuwa unalifua?"

"Lingenuka."

Kisha akavua suti pale pale, akaenda ziwani kunawa uso. Unga wa muhogo hautoki haraka. Nikamsugua mimi, masikioni na shingoni, kama ninavyowasugua wajukuu zangu, kisha akalivaa shati, akalifunga mpaka kifungo cha juu.

Gari tuliyokuwa nayo ni pikapu iliyobeba jeneza. Dereva akataka tuondoke nalo hivyo hivyo, kuokoa muda. Nikamwambia, "Baba, hilo linashuka." Fikiria tungeingia Kidahwe nalo.

Tulipofika Bosko alitaka kushuka akimbilie ndani kwa mama yake. Nikamkataza. Mwanamke wa presha ameshaambiwa mwanawe kafa, unamtokea mlangoni kama mzimu? Nikamwacha ndani ya gari barabarani, ameinama, nikaingia peke yangu. Wanaume walikuwa nje kwenye mabenchi, sufuria za maharage jikoni, katekista ameshaanza sala. Nikapita hadi ndani kwa wanawake, nikamsalimu mama yule kwa Kiha changu kibovu, nikaketi mkekani karibu naye.

Kila aliyeingia alisema pole. Mimi sikusema. Nyumba ya msiba, asiyesema pole anaonekana haraka. Akageuza uso, macho yamevimba.

"Wewe ndiye wa mavazi," akasema. Sauti ilikuwa kama ya mtu aliyekula mchanga. "Bosko alinitajia. Mbona hunipi pole?"

"Sina pole ya kukupa, dada. Nimekuletea lile shati la kwaya."

"La samawati?"

"La samawati. Na mwenyewe yumo ndani yake."

Wanawake wakanikazia macho kana kwamba nimetukana. Yeye hakunikasirikia. Alinichunguza uso sana, anatafuta kama namficha. Nikamwacha atafute. Kisha akasema, "Ninyanyue."

Tukatoka nimemshika, polepole, tukipita katikati ya wanaume waliosimama. Bosko alikuwa ameshuka kwenye gari, amesimama kando ya barabara, mikono imelegea. Mama yake akamfikia. Hakumkumbatia wala hakumpiga. Alimshika kola, akapapasa kifungo cha juu, akashuka hadi cha mwisho, kimoja kimoja, kisha akamwegemea kifuani na kuanza kulia, safari hii kwa sauti. Bosko akapiga magoti naye.

Alipoweza kuongea, mama akafuta uso kwa kitenge. "Watu wametoka mbali," akasema. "Wengine wametoka Kasulu. Chakula kimeiva. Chukua jagi ukawanawishe mikono."

Ndiyo adhabu yote aliyompa. Bosko akachukua jagi na beseni, akapita benchi hadi benchi, akiinama mbele ya kila aliyekuja kumzika. Nami nikamfuata na taulo. Kwenye filamu yetu alitaka kusikia watu wakimsifu. Sasa alisikia.

"Mimi nimekusifu tangu nilipofika," mzee mmoja akasema huku akisugua vidole. "Nimesema ulikuwa kijana mwenye heshima. Maneno yangu nayachukua, nayaweka. Nitakurudishia siku nitakayoona unayastahili."

"Shikamoo, babu. Nisamehe."

"Mwaga maji."

Shangazi yake akasema, "Mimi nimelia mpaka kilemba kimedondoka. Utaninunulia kingine, na si cha mtumba." Akanitazama mimi. "Bila kukukosea, mama." Mwingine, rafiki yake wa utotoni, alimshika kifundo cha mkono jagi likiwa linamwagika, akakishika mpaka maji yakaisha. Mpaka Bosko anamaliza mabenchi, watu walikuwa wanacheka, wanamwita marehemu. "Marehemu, huku bado. Marehemu, ongeza maji." Kidahwe wanamwita hivyo hadi leo, na akiitwa anaitika. Tulikula maharage ya msiba wake, matamu sana.

Filamu tuliimaliza. Dairekta alirudi Kibirizi kuwaomba wale wanawake na wabebaji kama anaweza kuwaonyesha wakilia. Wakakubali, kwa sharti kwamba sehemu ya ndara nayo ionekane. Inaonekana. Ndiyo sehemu watu wanayoipenda zaidi.

Tangu pale nimefanya kazi nyingine nyingi, na macho yalipoanza kukataa tundu la sindano nikajua nimefika. Sina la kulalamika. Kazi hii imenisomeshea wajukuu, imenipa Mzee Feruzi, Mungu amrehemu, imenipa watu wa kucheka nao tangu asubuhi. Nimevalisha mabosi, majambazi, wachungaji na mashetani, wote wakavua wakaondoka na nguo zao. Hilo nimelilinda. Nanyi lilindeni. Bosko bado anaigiza, na bado anapenda kutazamwa, hilo halikuoshwa na jagi. Lakini tukimaliza kushuti anakuja mwenyewe kuvua.

Mara ya kwanza filamu ile ilionyeshwa Kidahwe, ukutani pa shule, kwenye shuka. Bosko aliketi benchi la mbele na mama yake, amevaa shati la samawati, mimi nyuma yao. Mama alishaelezwa kila kitu. Alishawanawisha watu kwa mkono wa mwanawe. Na bado lilipotokea jeneza kwenye shuka, wale wanawake wa Kibirizi wakaanza kuimba, alipeleka mkono nyuma akalikamata shati la mwanawe mgongoni, akalivuta kwa nguvu zote, na hakuliachia mpaka mwisho.

Wengine walikuwa wanatazama filamu. Mimi nilikuwa natazama mshono wa bega. Ulishika.